Wenyeji Wote Wajitambulishe

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye hakuweza kufika. Msaidizi wa Mwakilishi, ambaye alifika lakini ametoka kidogo kupokea simu. Makadhi na maimamu, mapadri na wachungaji. Wazee wa mitaa ya Mkomani na Langoni. Wajumbe wa kamati kuu, wa kamati ndogo, na wa kamati iliyoundwa kuchunguza kwa nini kamati ndogo haikuwahi kukutana. Maafisa wa usalama mliosimama juani kwa ajili yetu. Walimu, manahodha, wenye mahoteli ya Ras Kitau. Akina mama mlioketi upande wa kivuli na akina baba mnaotamani kuketi upande huo. Mabibi na mabwana, wageni waalikwa na, hasa hasa, wenyeji: assalaam aleikum! (Waaleikum salaam.) Sikusikia vizuri. Assalaam aleikum! (Waaleikum salaam, kwa sauti ile ile.) Ahsanteni. Bwana asifiwe! (Amina, kutoka upande wa walimu.)

Kwa wale wasionijua, na leo ningependa wawe wengi, naitwa Hudson Murithi, Mkurugenzi wa Idara ya Mageuzi ya Kidijitali na Uunganishaji wa Visiwa, idara yenye watumishi wawili ukinihesabu mimi mara mbili, kwa kuwa ninakaimu pia nafasi ya naibu wangu, na kila Ijumaa najiandikia barua ya kujikumbusha kazi, kisha najijibu kwamba suala langu linashughulikiwa. (Kicheko.) Nimesimama mbele ya mlango huu wenye utepe mwekundu ili, kwa unyenyekevu mkubwa na kwa niaba ya wadau wote, nizindue rasmi Klasta ya Mitambo ya Visiwa, mradi ambao kwa upana wake, urefu wake, kina chake na fremuweki yake ya utekelezaji shirikishi haujawahi kuonekana katika pwani hii. (Makofi. Sauti ya mama mmoja: Ni kweli, haujaonekana!) Ahsante, mama.

Niruhusuni niueleze mradi huu kwa lugha nyepesi, lugha ambayo mimi mwenyewe nilianza kuielewa juma lililopita. Kunatakiwa seva tatu, yaani kompyuta kubwa tatu zisizozimwa: moja hapa Mkomani, ya pili Siyu, ya tatu ng'ambo ya pili pale Ras Kitau. Ndani ya kila seva mnaishi kompyuta nyingine ndogo ndogo zisizo na mwili, mashine bandia, kama wapangaji wanavyoishi katika nyumba moja kubwa kila mtu na chumba chake. Tena seva hizo tatu zinaweka ghala moja la pamoja, hivyo unachokihifadhi Siyu kinaonekana Mkomani, na ikianguka moja, zile mbili zinabeba mzigo wake. Mgonjwa akiletwa kutoka Siyu, kabla hajashuka kwenye boti, daktari wa huku anajua ana maradhi gani, alipewa dawa gani, na ni dawa gani asiguswe nayo. Hilo ndilo lilikuwa kusudi, na kusudi hilo, mabibi na mabwana, lilikuwa jema. (Makofi.)

Kuhusu takwimu, nina fahari kutangaza kwamba tangu mradi uanze, kukatika kwa umeme hakujaathiri mtambo wetu hata mara moja. Hatujapoteza faili hata moja. Na malalamiko kutoka kwa watumiaji yamebaki asilimia sifuri, rekodi ambayo hata nchi zilizoendelea hazijaifikia. (Makofi marefu.) Lakini hapa, ndugu zangu, hotuba niliyoandikiwa, na aliyeniandikia ni mimi, inanitaka nisome kurasa kadhaa za kujisifu, na nikiwatazama naona katika safu ya mbele Bi Mwanamkisi, naona na Bwana Harith, mguu wake umefungwa bendeji nyeupe, na ninaona itakuwa ni utovu wa adabu kujisifu mbele ya watu hawa wawili. Kwa hiyo naweka kurasa pembeni niwaeleze yaliyotokea.

Mnakumbuka wiki ya kukienzi Kiswahili. Wiki hiyo nilitoa waraka kwamba mawasiliano yote na idara yangu, hata ya kiufundi, yaandikwe kwa Kiswahili sanifu, na atakayeandika vinginevyo hatajibiwa. Nilijiona shujaa wa taifa. Basi mhandisi wetu, Bi Jepchirchir, binti hodari kutoka Eldoret ambaye ndiye angeziunganisha zile seva, alikuwa akijiandaa kuja, na kabla hajaja alihitaji kujua kila seva inaitwaje kwenye mtandao, maana seva zisipojuana kwa majina haziwezi kuunganika. Katika kazi yao seva inayopokea mashine nyingine ndani yake inaitwa hosti, na jina lake hostineimu. Lakini maskini, alishausoma waraka wangu. Akafungua kamusi, akatafuta, akaniandikia hivi: "Mheshimiwa, kabla sijafika, naomba utambuzi wa majina ya wenyeji wote katika klasta. Wenyeji wawili wasitumie jina moja. Mwenyeji asiyetambulika atahesabiwa hayupo, na alivyohifadhi vinaweza kupotea."

(Minong'ono.) Naam. Naona mnakumbuka.

Sasa kiongozi mwingine angepiga simu akauliza, "Binti, una maana gani?" Lakini kuuliza, mabibi na mabwana, ni jambo la watu ambao hawajahudhuria semina. Mimi nimehudhuria semina Naivasha, Machakos na Kisumu. Klasta nilijua ni kundi la vijiji. Wenyeji nilijua ni wenyeji. Nikaona jambo liko wazi kama mchana, nikaandika tangazo, nikalipamba kwa herufi kubwa, nikalibandika ukutani karibu na kila msikiti ambao imamu wake alikuwa hayupo, nikakodi na boti yenye kipaza sauti izunguke mpaka kisiwa cha Pate, kilipo Siyu: WENYEJI WOTE WAJITAMBULISHE. WENYEJI WAWILI WASITUMIE JINA MOJA. ASIYETAMBULIKA ATAHESABIWA HAYUPO NA MALI YAKE INAWEZA KUPOTEA. (Kelele. Mzee mmoja anasimama na kuketishwa.)

Kaeni, wazee wangu, kaeni. Najua. Katika visiwa hivi, ambako mtu anaweza kulima shamba la babu wa babu yake na bado akaulizwa ana karatasi gani, nilichagua maneno ambayo adui yenu asingethubutu kuyachagua. Na mwenye kuyachagua ni mtu wa Meru.

Asubuhi yake nilikuta foleni kutoka mlango wa ofisi hadi gatini. Watu wamekuja na vitambulisho, vyeti vya ndoa, picha za mababu wamevaa joho, mmoja amekuja na mlango. Ndiyo, mlango wa nyumba yao, umechongwa jina la ukoo, wameubeba watu wanne. Mimi, kwa furaha ya kijinga, nikasema moyoni: huu ndio ushirikishwaji wa umma!

Aliyenizindua wa kwanza ni Bi Mwanamkisi. Kwa wasiojua, mimi ni mpangaji wake hapa Mkomani. Tangu nilipoletwa kazini Lamu sijalala nyumba nyingine. Nikiugua hunipikia uji. Kila Ramadhani, mimi Mkristo, hupelekewa futari kabla ya jamaa zake. Jioni ile nilimkuta ameketi darini, ufunguo wa nyumba umo mapajani mwake, hakuitikia salamu yangu.

"Bi Mwanamkisi, kuna nini?"

"Nyumba hii nimezawa humu," akasema. "Mamangu kazawa humu. Na weye nalikufungulia mlango ukiwa na begi moya, hujui ndia ya kwenda sokoni. Leo weye ndiwe wa kunitambua mimi?"

"Ni utaratibu tu, Bi. Ni mambo ya mtandao."

"Na nisipoya kwenye foleni yako, mimi sipo?"

Akainuka, akaingia ndani. Tangu jioni ile hakunisemesha, na niseme wazi kwamba nimewahi kusomewa onyo na mabosi, nimewahi kuzomewa na madiwani, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia kupita mbele ya yule mama kila siku bila kuulizwa kama nimekula.

Lakini nikaendelea na zoezi. Huo ndio uongozi.

Sasa katika foleni ile alikuwamo Bwana Harith huyu. Yeye ni mkulima na mvuvi wa Siyu. Aliposikia kwenye kipaza sauti kwamba wenyeji wawili wasitumie jina moja, akakumbuka kwamba Mkomani yuko Harith mwingine, kijana muuza simu, na baba zao pia wanaitwa jina moja. Akaona huyu kijana, kwa kuwa anakaa jirani na ofisi, atajiandikisha mapema na kulichukua jina. Hakungoja maji yajae. Akakata njia ya mkondo wa bahari maji yakiwa yametoka, akakanyaga chaza, mguu ukapasuka. Akafunga kitambaa, akapanda boti, akaja kusimama kwenye foleni yangu.

Nilimpita akiwa ameketi barazani, jasho linamtoka, nikamwambia, "Mzee, nenda ukapumzike, urudi wiki ijayo."

"Siondoki," akasema. "Harith ni mimi. Yule mwingine kazawa yana. Nikiondoka, atangia yeye."

"Lakini mguu wako..."

"Mguu hauna jina. Andika."

Sikuandika, kwa sababu ilikuwa saa ya chakula cha mchana ya maafisa. Wenzake kwenye foleni wakamletea maji na mkate, akalala pale pale barazani siku mbili asiache nafasi yake, na siku iliyofuata, nikiwa nafungua ofisi, alijaribu kusimama akaanguka. Mguu ulikuwa umevimba mpaka goti, mwili unawaka, na akiulizwa jina lake, jina alilolifuatia bahari nzima, anajibu maneno yasiyoeleweka.

Nikatoa kauli. Nikasema, "Wadau, tutulie, tutengeneze mpango wa dharura." Nyumba ya Bi Mwanamkisi iko hatua chache kutoka hapo. Alikuwa ameshatoka, ameshamshika mzee mabegani.

"Shika miguu weye," akaniambia. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu jioni ile. "Polepole! Maneno tutasema baadaye."

Tukamlaza kwenye sebule ya chini. Akaitwa Daktari Lubna, ambaye ana zahanati mtaa wa pili. Akafika haraka, akaufungua mguu, akaguna.

"Jeraha limeshika sumu. Anahitaji sindano sasa hivi. Dawa ya kwanza ningempa penisilini, na kwenye mafaili yangu yumo Harith mwenye jina hili hili mpaka la baba, faili linasema hana shida na dawa yoyote. Lakini yule ni kijana, na huyu ni mzee. Nani anamjua huyu?"

Hakuna aliyemjua. Watu wa Siyu waliokuwa naye kwenye foleni walikuwa wamekwenda gatini kutafuta boti. Daktari Lubna akanigeukia mimi.

"Bwana Murithi, si ndio mfumo wenu huu? Taarifa za wagonjwa wa Siyu mnazo. Zinasemaje?"

"Mfumo," nikasema, "uko katika hatua za mwisho."

"Hatua za mwisho za nani? Za mfumo au za huyu mzee?"

Nikatoa simu nimpigie muuguzi wa zahanati ya Siyu, Bi Emily. Mnajua kuta zetu za mawe ya bahari, mtandao hauingii. Nikavua koti, nikapanda ngazi, ghorofa ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, nikatokea juu ya paa miongoni mwa nguo za Bi Mwanamkisi zilizoanikwa, upepo unavuma kaskazi tupu, nikampata.

"Emily! Hapa Murithi! Nina Harith wa Siyu, hali yake mbaya! Asipewe dawa gani?"

"Harith yupi, mheshimiwa? Hapa tuna watatu!"

"Mzee! Mvuvi!"

"Wote ni wavuvi!"

"Mwenye kofia ya vito iliyodariziwa na ubishi mwingi!"

"Haa! Huyo! Asipewe penisilini! Tulimpa mara moja akavimba koo, karibu tumpoteze! Umesikia? Penisilini hapana!"

Nikageuka, nikainama kwenye uwazi wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, nikapiga kelele kwa nguvu zote alizonipa Mungu: "PENISILINI HAPANA! PENISILINI HAPANA!" Nikaambiwa baadaye nilisikika mpaka Langoni, na wapo waliodhani kwamba idara imemkataa mwenyeji mmoja anayeitwa Penisilini. (Kicheko kikubwa.) Huo, waheshimiwa, ndio uhamishaji wa data pekee uliowahi kufanywa na idara yangu, na ulifika salama. (Makofi.) Daktari Lubna alikuwa ameshashika dawa nyingine. Homa ilianza kushuka asubuhi ya siku ya pili, na Bwana Harith alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nimeandikwa?"

Siku hiyo hiyo Bi Jepchirchir akashuka kutoka boti ya Mokowe na begi lake la vifaa. Akaiona foleni. Akauona mlango uliobebwa. Akaniuliza hawa ni nani, nikamwambia kwa fahari iliyobaki kidogo, "Ni wenyeji. Ulivyoomba."

Akasema, taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa habari mbaya, "Bwana Mkurugenzi, mwenyeji ni mashine."

"Mashine?"

"Mashine. Seva."

"Si mtu?"

"Si mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mheshimiwa."

Nikaketi kwenye kizingiti. Akaketi naye, Mungu ambariki, hakucheka mpaka nilipoanza mimi. Nikamuuliza, ili nisionekane nimeshindwa kabisa, seva mbili zikiwa na jina moja mnafanyaje. Akasema hakuna anayenyang'anywa jina. Kila seva hutajwa jina lake na mahali ilipo, moja ya Siyu, nyingine ya Mkomani, basi mtandao haukosei. Nikakimbia na habari hiyo kwa Bwana Harith. Yule Harith kijana alikuwa pale pale kando ya kitanda, amemletea mzee machungwa.

"Yaani ni Harith wa Siyu, na Harith wa Mkomani?" mzee akauliza.

"Ndivyo."

"Hilo tulilijua toka zamani," akasema, akageuka ukutani kulala.

Alasiri nilichukua kile kipaza sauti mwenyewe. Nilizunguka mtaa kwa mtaa, kisha kwa boti mpaka Pate, nikitangaza kwa sauti iliyokwishapasuka juu ya paa: "Tangazo lile lilihusu mashine! Aliyekosea ni mimi, Murithi! Hakuna mwenyeji wa visiwa hivi anayehitaji kutambuliwa na mimi!" Wengine walicheka. Wengine, na nawaelewa, hawakucheka, wakasimama wakiniangalia mpaka boti ilipopita. Ule mlango uliobebwa niliurudisha kwa mgongo wangu, nikishikilia upande mmoja.

Niliporudi Mkomani, ufunguo wa nyumba ulikuwa mfukoni mwangu, lakini sikuutumia. Nikabisha.

"Hodi."

"Nani?"

"Murithi."

"Murithi yupi?"

Nilifikiri. Mkurugenzi halikufaa. "Murithi wa kwako," nikasema, "mpangaji."

Nikasikia komeo likivutwa. "Ngia," akasema. "Wali utakuwa umepoa."

(Makofi, yakianzia safu ya mbele, upande wa akina mama.)

Ahsanteni. Itifaki sasa inanitaka nitoe kaulimbiu. Nikisema "Seva!" nyinyi mtasema "Si mtu!" Seva! (Si mtu!) Seva! (Si mtu!) Mkurugenzi! (Si seva!) Hilo halikuwamo kwenye mazoezi lakini nalipokea. (Kicheko.) Klasta yetu! (Fahari yetu!) Klasta yetu! (Iko wapi?)

Swali zuri, na ni swali alilouliza pia Bi Jepchirchir. Namshukuru kwa kuja mbali kote huku kuunganisha seva, na kwa upole aliotumia kunijulisha, baada ya kuuliza kila ofisi na kila bohari, kwamba hakuna seva iliyonunuliwa, wala iliyoagizwa, wala iliyowahi kuombwa, kwa kuwa barua ya maombi ilipaswa kuandikwa na naibu wangu, ambaye ni mimi, na kila nilipojikumbusha nilijijibu kwamba suala linashughulikiwa. Namshukuru Bi Emily kwa kupokea simu. Namshukuru Daktari Lubna kwa kutoamini jina tupu. Nawashukuru wageni waliotoka mbali kushuhudia uzinduzi, na mshonaji wa utepe huu mzuri. Mheshimiwa Mwakilishi, mkasi huu hapa. Kata, mlango uko wazi. Ndani kuna chumba kikubwa, kimefagiliwa, kina feni moja inayozunguka ili joto lisiharibu chochote. Karibuni nyote mwingie mkione. Vueni viatu, sakafu ni mpya, na hamna kitu cha kujikwaa.